Mkufu wa Siku ya Nne

Katika desturi ya Wakamba, kama alivyoieleza John Mbiti katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, mtoto hakuwa mtu siku ile aliyozaliwa. Siku ya tatu alichinjiwa mbuzi akapewa jina. Siku ya nne baba yake alimvika shingoni mkufu wa chuma ulioitwa ithaa, na hapo ndipo alipohesabiwa binadamu kamili, aliyekwisha kuagana na ulimwengu wa mizimu. Kabla ya mkufu huo alikuwa bado wa aimu, roho za waliotangulia, na akifa kabla ya kupewa jina, mama yake ndiye aliyeingiwa na unajisi na kuhitaji kutakaswa. Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, hakuwa mgeni aliyepita na daftari. Alikuwa anaandika mambo ya kwao. Desturi hiyo ni ya nchi nzima ya Ukambani, kutoka ng'ambo ya mto Athi hadi vilima vya Mbooni, ambako ndiko liliko soko la Mbumbuni, Makueni. Wanahistoria huvitaja vilima hivyo kuwa maskani ya kale ya Wakamba kabla ya wengine kutawanyika kuelekea Iveti, Kilungu na Kitui. Anayetaka kujua nchi hii imewahi kujibu vipi swali la ni lini kiumbe kinakuwa mtu, na ni nani mwenye ruhusa ya kusema hiki kimekamilika na hiki hakikukamilika, na aanzie kwenye mkufu huo.

Swali hilo limerudi kwa sura mpya. Huko Marekani, jimbo la North Dakota lilipitisha mwaka 2013 sheria ya kukataza kutoa mimba kwa sababu kijusi kimegunduliwa kuwa na hitilafu ya kimaumbile. Indiana ikafuata mwaka 2016, na Ohio mwaka 2017 kwa hali ya Down peke yake. Kenya haina mswada wa namna hiyo, kwa kuwa utoaji mimba umekatazwa kwa jumla na kuruhusiwa kwa masharti machache. Lakini mwaka 2019 Seneti ya Kenya ililetewa mswada uliokwenda upande wa pili. Mswada wa Afya ya Uzazi wa Seneta Susan Kihika wa Nakuru ulikusudia kutaja, miongoni mwa sababu za kuruhusu mimba itolewe, hatari kubwa ya kijusi kuwa na kasoro nzito ya mwili au akili isiyoweza kuruhusu uhai nje ya tumbo. Viongozi wa makanisa waliupinga vikali na haukuwa sheria. Mmoja anataka ulemavu uandikwe katika sheria ya tumbo ili uwe ruhusa, mwingine anataka uandikwe ili uwe katazo. Hoja yangu ni kwamba historia ya Ukambani, na ya Kenya kwa jumla, inawapinga wote wawili. Hapa hali ya mtoto haikuwahi kuwa kipimo cha sheria ya mimba. Ilipimwa baada ya kuzaliwa, nyumbani, na aliyebeba uzito wa jibu alikuwa mama. Ulinzi wowote usiomfikia hapo unamlinda mtoto wa kwenye karatasi.

Kwanza tuutazame mkufu wenyewe bila kuupamba wala kuutia doa. Ni rahisi kusema kwamba jamii iliyongoja siku nne kabla ya kumkubali mtoto ilikuwa imejiwekea mlango wa nyuma wa kumwacha asiyependeza. Ushahidi alioutoa Mbiti hausemi hivyo. Anachoeleza ni mpaka kati ya dunia mbili, na katika nchi ambako watoto wengi walikufa siku za mwanzo, mpaka wa namna hiyo pia ni namna ya kuhimili msiba. Jambo linalofaa kuangaliwa ni nani aliyekuwa chumbani katika siku hizo. Hakuwapo mzee wa nzama, baraza lililoamua kesi za mashamba na damu. Walikuwapo wanawake, na kati yao mwisikya, mkunga anayejua mikono yake. Kama kulikuwa na uamuzi mgumu, ulifanywa na hao, kimya kimya, na unajisi ukabaki kwa mzazi wa kike. Wanaume walikuja na mkufu siku ya nne, jambo likiwa limekwisha.

Kwa majirani mambo yalitofautiana, na tofauti hizo zinatuzuia kuimba wimbo mmoja wa "mila ya Mwafrika". Mwanaanthropolojia Aud Talle alipochunguza Wamaasai wa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, alikuta kwamba mtoto mwenye ulemavu alilelewa kama mtoto mwingine yeyote, na kwamba wazo lenyewe la "walemavu" kama kundi moja la watu halikuwa na mashiko kwao. Kwa Wameru, kaskazini mwa Ukambani, mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha jinsi utoaji mimba ulivyogeuka jambo la siasa miaka ya 1920 na 1930. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kutahiriwa alikuwa amebeba aibu ya ukoo mzima, na mimba hiyo ilitolewa. Maafisa wa kikoloni, wakiogopa kwamba idadi ya watu ingepungua, waliona dawa ni kushusha umri wa tohara ya wasichana, na polisi wakatumika kuwakusanya ili watahiriwe kwa wingi. Kwa hiyo serikali iliyosema inalinda mimba ilifanya hivyo kwa kushika miili ya wasichana kwa nguvu. Nitarudi kwenye jambo hili. Kwa sasa linatosha kuona kwamba kilichoamua hatima ya mimba Meru kilikuwa hadhi ya mama. Hakuna aliyeuliza mtoto aliye tumboni ana miguu mingapi, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua.

Sheria ya Mwingereza nayo haikuuliza. Mwaka 1897 himaya ya Afrika Mashariki ililetewa kanuni za adhabu za India, ambazo zilikataza kuharibu mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mwanamke. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ambayo vifungu vyake vya mimba bado vimo vitabuni. Kifungu cha 158 kinampa anayejaribu kumharibia mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14, hata kama mwanamke huyo hana mimba. Kifungu cha 159 kinamhukumu mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 240 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuyahifadhi maisha ya mama. Na kifungu cha 214 kinasema mtoto anakuwa mtu wa kuweza kuuawa pale anapotoka mzima mzima, akiwa hai, katika mwili wa mama yake. Hicho ndicho kilikuwa ithaa ya serikali. Mkufu ulisogezwa kutoka siku ya nne hadi dakika ya kuzaliwa, na aliyeuvisha hakuwa tena baba bali hakimu. Kesi maarufu ya Rex dhidi ya Bourne ya London, mwaka 1938, ilipanua maana ya kuokoa maisha hadi kuhifadhi afya ya mwili na akili, na mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaifuata fikra hiyo katika kesi ya Mehar Singh Bansel. Katika hatua zote hizi swali lilikuwa moja: mama yuko hatarini? Uingereza yenyewe ndiyo iliyobadili swali mwaka 1967, baada ya balaa la dawa ya thalidomide, ikaruhusu mimba itolewe pale penye hatari kubwa kwamba mtoto atazaliwa na ulemavu mzito. Kenya ilikuwa imeshajitawala miaka minne. Haikuiga.

Huenda msomaji akasema kwamba hapo hapakuwa na hekima yoyote, ila ukosefu wa mitambo: nani angeweka katika sheria jambo ambalo halikuweza kuonekana? Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini Kenya ya kikoloni haikukosa watu wenye hamu ya kupima nani amekamilika. Mwaka 1933 walowezi na madaktari walianzisha Nairobi chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za binadamu. Mhimili wake alikuwa H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, naye F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali, alipima bongo za Waafrika waliokufa na kuchapisha mwaka 1934 matokeo aliyodai yanaonyesha kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni duni kuliko wa Mzungu. Walitaka London igharimie utafiti mkubwa zaidi. London haikutoa fedha, na chama kikafifia. Historia hii, ambayo Chloe Campbell ameichambua kwa kina, haizungumzii vijusi. Inazungumzia watu wazima, wakulima na vibarua, Wakamba wakiwamo, waliowekwa mezani na mtu aliyeamini kwamba ana rula ya ubinadamu. Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipoandika mwaka 2019 juu ya sheria ya Indiana, alitumia kurasa nyingi kueleza historia ya harakati hizo za kuboresha mbari nchini mwake, akisema kwamba serikali ina haki ya kuzuia utoaji mimba usigeuke chombo chake. Sisi tunao ushahidi wetu wenyewe. Ila mimi nausoma kinyume na Jaji Thomas. Gordon na Vint hawakuwa akina mama waliokata tamaa. Walikuwa wataalamu wenye ofisi, waliotaka mkono wa serikali uwe mrefu zaidi. Kilichowashinda ni kwamba serikali hiyo haikukubali kuifanya kasoro kuwa jambo la sera. Funzo ninalolipata hapo ni kuinyima dola rula hiyo, iwe ya kufukuza au ya kupokea.

Baada ya uhuru picha inakuwa wazi zaidi, kwa sababu Ukambani ulipata bahati ya kuchunguzwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa Kenya na Uholanzi waliendesha mradi katika sehemu ya kaskazini ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Makueni ya leo hadi ilipogawanywa mwaka 1992. Waliwatembelea watu nyumba kwa nyumba, wakaandika mimba, vizazi na vifo. Walichokiona ni kwamba wanawake wengi walijifungulia nyumbani, mikononi mwa mwisikya au jamaa wa kike. Unajisi wa zamani ulikuwa umepungua, Ukristo ulikuwa umeshaota mizizi tangu wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui mwaka 1895, na mkufu wa chuma haukuwa tena desturi ya kila nyumba. Lakini chumba kilikuwa kile kile. Na nje ya chumba kulikuwa na jambo jipya: mume hayupo. Wanaume wa Ukambani walikuwa jeshini, polisi, kwenye reli na katika nyumba za watu Nairobi. Shamba la mteremkoni, matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, maji ya kuchimbua katika mchanga wa mto, yote yalimwangukia mama. Mtoto asiyeweza kutembea katika nyumba ya namna hiyo ni saa nyingi za kazi zilizopotea kila siku. Hapendwi pungufu kwa sababu hiyo. Anapendwa na mtu aliyechoka.

Ndipo tunapofika kwenye neno linalosikika mara kwa mara katika mazungumzo ya ulemavu nchini Kenya: kuficha. Mwaka 1980 serikali iliutangaza kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na walimu wakatumwa vijijini kuwatafuta wale waliokuwa hawajulikani shuleni wala kwa chifu. Waliwapata ndani ya nyumba. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ikaliweka jambo hilo wazi katika kifungu cha 45: mzazi au mlezi anayemficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma anazostahili alitozwa faini isiyozidi shilingi 20,000. Nia ilikuwa njema. Lakini angalia ni nani anayesimama kizimbani. Si kaunti isiyo na kiti cha magurudumu, si shule yenye ngazi bila mteremko, wala si baba aliyeondoka akisema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Ni yule aliyebaki. Sheria imekuja na mkono ule ule uliotumiwa Meru miaka ya 1930: imeona tatizo la kijamii, ikamshika mwanamke. Na katazo la kutoa mimba kwa sababu ya ulemavu lingefuata njia iyo hiyo, ila lingeingia mapema zaidi, kabla hata mtoto hajazaliwa wa kufichwa.

Lingeingia kupitia skani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe skani angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mji mkubwa hilo limekuwa jambo la kawaida. Kwa mwanamke wa vilimani maana yake ni nauli, foleni na pesa, na wengi hufika kliniki mimba ikiwa imekwisha kuvuka miezi minne. Vipimo vya damu vya kutafuta hali ya Down ni bidhaa ya hospitali za kulipia. Kwa hiyo tufikirie kwa utulivu sheria ya mtindo wa Indiana ikitekelezwa Makueni. Haingemgusa mwenye uwezo wa kupanda ndege. Haingemgusa asiyewahi kupigwa skani. Ingemgusa yule wa katikati, aliyejikusanya akaenda kupimwa, na ingemlazimu mpimaji kuwa shahidi: alimwambia nini, mama alijibu nini, alilia kwa sababu gani. Sheria zetu za jinai huangalia nia, ni kweli, lakini nia ya mwizi huonekana kwa alichochukua. Nia ya mama anayeogopa kwa wakati mmoja ugonjwa wake, umaskini wake na hali ya mtoto haina alama ya nje. Matokeo ya karibu ni mpimaji kunyamaza, na mama kuacha kwenda. Na skani hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto ana kichwa maji na anahitaji kuzaliwa kwa upasuaji penye daktari, au ana mgongo wazi na afunikwe mara tu anapotoka ili uti wake usiingie vijidudu.

Pingamizi nzito zaidi haitoki kanisani. Inatoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Wanasema: mkitoa mimba kwa sababu ya hali kama yangu, mnaniambia nini mimi niliye hai? Mkifanya hivyo kimya kimya kwa miaka 30, nitabaki na wenzangu wangapi? Denmark ni mfano unaouma, na kwa Mkenya una kejeli yake: nchi iliyogharimia kuwatafuta watoto wetu waliofichwa mwaka 1984 ndiyo iliyoanza mwaka 2004 kumpa kila mjamzito kipimo cha hali ya Down, na idadi ya wanaozaliwa nayo ikashuka sana. Sitaki kulipunguza pingamizi hili. Nadhani ni sahihi kwa jambo moja kubwa: sheria inapotaja ulemavu kuwa sababu halali ya kutoa mimba, inatoa kauli ya umma juu ya thamani ya watu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, imezikosoa nchi kadhaa zikiwamo Hispania na Uingereza kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana sikubali kipengele kile cha 2019, hata kama kiliandikwa kwa ajili ya hali za kufisha tu. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi katika kanuni yake ya adhabu ya 2005, ikataja kijusi chenye ulemavu mzito usiotibika, na neno "mzito" ni mpira: huvutwa na anayeushika.

Lakini kukataa kuuandika ulemavu kama ruhusa si sawa na kuuandika kama kosa. Ujerumani iliona hivyo. Kwa kuwa ndiyo nchi iliyowaua watu wenye ulemavu kwa maelfu kuanzia mwaka 1939, ilipobadili sheria yake ya mimba mwaka 1995 iliondoa kabisa kipengele cha hali ya kijusi, ikabakiza hatari kwa mwili na akili ya mama. Haikuweka katazo jipya mahali pake. Katiba ya Kenya ya 2010 imefika pale pale, ingawa sidhani waandishi wake walikuwa wanaitazama Berlin. Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Mkufu umesogezwa tena, safari hii hadi mwanzo kabisa. Na bado hali ya mtoto haikutajwa. Kilikuwa kifungu cha mapatano, kilichopigiwa kelele na makanisa kabla ya kura ya Agosti 2010, na kama mapatano mengi kimekuwa na busara kuliko waliogombana juu yake.

Mwenye kukosoa atasema kwamba ukimya huo ni unafiki: daktari ataandika "afya ya akili ya mama" naye anajua sababu ni skani. Hilo hutokea Ujerumani na linaweza kutokea Nairobi. Hata hivyo kuna tofauti. Daktari anayelazimika kuuliza juu ya mama analazimika kumtazama mama. Anauliza atalala wapi, nani atamsaidia, ana historia gani ya maradhi. Anayeuliza juu ya kijusi anatazama kioo cha mashine. Na mwenye imani thabiti kwamba mtu ni mtu tangu kutungwa mimba hahitaji sheria maalumu ya ulemavu, kwa maana kwake mimba zote zimekwisha kulindwa sawa. Kuuchomoa ulemavu peke yake ni kukiri kwamba unamtia hofu kuliko mengine. Wengine nao watasema ukimya unamwacha mhudumu gizani. Ni kweli kwamba serikali ilitoa miongozo ya utoaji mimba salama mwaka 2012 kisha ikaiondoa mwaka 2013, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema kuiondoa huko kulikiuka sheria. Giza hilo ni la serikali kuogopa maneno ya Katiba yake yenyewe. Haliondoki kwa kuongeza maneno mengine.

Basi ulinzi uko wapi, kama si katika katazo? Sehemu yake iko kwenye unga. Mgongo wazi, mojawapo ya hitilafu ambazo skani huonyesha vizuri, hutokea pale mfereji wa uti unaposhindwa kufunga katika siku 28 za kwanza za mimba, kabla wengi hawajajua kwamba wana mimba. Vidonge vya asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki mwezi wa tano vimechelewa. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2012 ziliwalazimisha wenye viwanda kuweka virutubisho, asidi ya foliki ikiwamo, katika unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa paketi. Ni sheria inayozuia ulemavu bila kumshtaki mtu yeyote. Lakini vijijini Makueni watu wengi hula mahindi yao wenyewe: wanasaga poshomili, au wanakoboa kwa kinu wapate muthokoi, au wanachemsha isyo. Virutubisho vya paketi haviwafikii. Mbaazi, kunde na ndengu za nchi hiyo zina foliki yake ya asili, na mvua ikikosekana misimu miwili hata hizo huwa haba. Mbunge anayetaka kuwalinda watoto wa Mbooni kabla hawajazaliwa angeweza kuanza na mashine ya kuchanganya virutubisho poshomili. Hakuna mkutano wa hadhara utakaomshangilia kwa hilo, nadhani ndiyo maana halijafanywa.

Sehemu nyingine iko katika pesa na hesabu. Tangu mwaka 2011 serikali imekuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa baadhi ya familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kiasi ambacho hakimlipi mlezi hata vibarua vya wiki chache. Sensa ya 2019 iliiweka Makueni miongoni mwa kaunti zenye kiwango kikubwa zaidi cha watu wenye ulemavu nchini, asilimia 4.1, karibu mara mbili ya wastani wa taifa wa asilimia 2.2. Takwimu hizo zilizochapishwa zilihusu watu wa umri wa miaka 5 na kwenda juu. Mtoto wa Mbumbuni aliyezaliwa na mgongo wazi mwaka 2016, ambaye Katiba ilimwita mtu tangu kutungwa kwa mimba yake, hakuwamo katika hesabu hiyo ya 2019, kwa kuwa alikuwa bado hajafikisha miaka mitano.